Nyota Mbili Zilizoshikana

Kama unaamini kwamba anayemwandika mwenzake lazima awe alimpenda, hapa umepotea njia. Madam mimi nilimwonea kijiba cha roho tangu wiki ya kwanza alipoingia ofisini kwangu, na kipande cha kijiba hicho ninacho mpaka leo. Namwandika kwa sababu watu wa hapa Nachingwea walimsema vibaya muda mrefu, na kila walipomsema, mimi ndiye niliyetazama chini.

Jina lake sitalitaja. Shuleni tulikuwa na walimu wa kike tisa na wote waliitwa Madam, Madam wa Jiografia, Madam wa Kiingereza, lakini ukisema Madam peke yake, bila nyongeza, kila mwanafunzi alijua ni huyu wa Hesabu. Hilo nalo liliniuma. Mimi nilikuwa katibu muhtasi wa shule ile kwa miaka kumi na minne, na bado kulikuwa na wazazi walioniita "dada wa kuchapa".

Alitoka mkoa wa mbali, huko kwenye baridi na migomba, akaja na pikipiki yake. Mwanamke, mwalimu, juu ya pikipiki, vumbi letu jekundu limemjaa hadi kwenye nyusi! Akashuka, akaweka kofia yake ngumu juu ya karatasi safi nilizokuwa nimezipanga mezani, akasema, "Shikamoo, mama." Mama! Nilimzidi miaka miwili, labda mitatu. Nikaitika marahaba kwa sababu adabu ni adabu, lakini moyoni nikasema, mwenzangu, umeanza vibaya.

Na hakuacha. Kila asubuhi, kwa miaka minne, "Shikamoo, Mama Salma," kwa sauti ya kusikika hadi stoo. Salma ni binti yangu. Nilijaribu kumuwahi na "Habari za asubuhi, Madam," ili tusalimiane juu kwa juu tuachane. Anajibu nzuri, halafu shikamoo yangu ananipa vilevile.

Sasa nieleze kazi yangu, maana bila hiyo hutanielewa. Shule sita, tatu za Nachingwea na tatu za Ruangwa, hufanya mtihani mmoja wa pamoja, ule tunaouita wa ujirani mwema. Walimu wanatunga, mtihani unachapwa mahali pamoja, nakala zinafungwa kwenye bahasha za kaki, kila shule na bahasha zake. Mahali hapo palikuwa ofisini kwangu. Na kati ya Sehemu A na Sehemu B, kati ya B na C, palikuwa na mstari wa nyota. Mistari hiyo ilikuwa yangu. Nilianza kuipiga enzi za taipureta, kidole kimoja kwenye nyota, kingine kwenye nafasi, nyota, nafasi, nyota, nafasi, mpaka zitimie ishirini. Tulipoletewa kompyuta niliendelea vilevile. Ilikuwa hivi:

* * * * * * * * * * * * * * * * * * * *

Mzee aliyekuwa mkuu wa shule wakati ule ndiye aliyenipa siri. Siku moja aliniita, akafunga mlango. "Mwanangu," akasema, "mtihani ukivuja, tutajuaje umevujia wapi? Kila shule iwekee alama yake kwenye hizo nyota zako. Iwe ndogo. Na usimwambie mtu. Hata mimi usiniambie ipi ni ya nani."

Nilifikiri siku mbili. Nikaamua kuondoa nafasi moja tu, ili nyota mbili zishikane. Shule ya kwanza, nyota ya tatu na ya nne. Ya pili, ya tano na ya sita. Nikaenda hivyo mpaka ya mwisho. Shule yetu niliipa ya kumi na moja na ya kumi na mbili. Mwanafunzi hawezi kuona, na mwalimu akiona atadhani kidole kimeteleza. Mara moja alama zile zilifanya kazi. Karatasi ilikutwa kwenye genge la nyanya kabla ya siku yake, mzee akaniletea, nikaitazama, nikamnong'oneza jina la shule, mambo yakaisha kimyakimya. Alipostaafu akaondoka na siri yake, na mkuu aliyekuja baada yake hakuambiwa na mtu. Nikabaki nayo peke yangu. Walimu walikuwa na vyeti na mishahara ya serikali, mimi nilikuwa na nyota zangu.

Ndipo Madam, katika mwaka wake wa pili, akaomba nafasi kwenye kikao cha walimu.

Alifungua laptop yake, akaiunganisha na projekta, ukuta wa stafu ukawa mweupe. Akasema kuna lugha ya kuandikia programu inaitwa Python. Mwalimu wa Kilimo akauliza chatu anatafuta nini ofisini, watu wakacheka, yeye akaendelea kuandika. Akaeleza kwamba ndani ya Python kuna maktaba, na maktaba hizo si rafu za vitabu. Ni kazi ambazo mtu mwingine, pengine yuko ng'ambo na hamtajuana maisha, alishazifanya akaziacha wazi kwa yeyote. Unaiita maktaba kwa jina lake, unaiambia nataka mstari, uwe wa nyota, upana huu, na katikati uandike SEHEMU B. Akabonyeza Enter.

Mstari ukatoka. Akabadilisha neno moja, ukatoka wa mawimbi. Akabadilisha tena, vishale, kisha almasi, kisha maua. Kila mmoja umenyooka mwanzo hadi mwisho na maneno yamekaa katikati kabisa, hakuna upande uliozidi. Walimu wazima wakaanza kupiga kelele. "Weka mioyo, Madam!" Ikatoka mioyo. Ilitoka mistari thelathini pale, naihesabu, na mmoja tu kati ya hiyo mimi ulikuwa unanichukua dakika kadhaa na mgongo kuuma.

Ningevumilia. Wallahi ningevumilia. Lakini akachukua karatasi ya mtihani wa mwaka uliopita, akaipiga picha, akaimulika ukutani.

"Tatizo la kupiga kwa mkono ni hili," akasema, kidole juu ya nyota zangu. "Tazameni hapa, mbili zimeshikana. Na ukurasa wa pili, kakosea tena. Si ubaya wa mtu, mkono huchoka. Mashine haichoki."

Kakosea! Mbele ya walimu ishirini na saba. Mkuu akasema, "Mama Salma, umesikia? Umepumzishwa," stafu nzima ikaangua kicheko, nami nikacheka nao huku masikio yanawaka. Nilitakiwa kusema sentensi moja tu. Mkuu, naomba tuzungumze pembeni, nyota hizo zina kazi. Sentensi ilifika hadi kooni, nikaimeza. Nilijiambia, si wanajua kila kitu? Basi wajue na hili.

* * * * * * * * * * * * * * * * * * * *

Nisimwonee, lakini. Madam hakuwa mtu wa majivuno, na laiti angekuwa nayo, ningepata pa kumshikia.

Mtu aliyejaza mitihani yetu maua na mawimbi hakuwa na pambo hata moja. Kichwa kimenyolewa, sikio halina hereni. Nyumba yake ya kota haikuwa na kitambaa cha kufuma juu ya kiti wala picha ukutani, na mara ya kwanza nilipompelekea barua nilidhani anahama. Mtu huyohuyo nilimkuta stafu amekaa saa nzima akichagua kati ya mistari miwili ambayo mimi niliiona ni mmoja.

"Huu unamwambia mtoto apumzike," akasema. "Huu unamwambia akimbie."

"Madam, si vistari tu hivyo?"

"Ndiyo, vistari. Mtoto kamaliza Sehemu A, mkono unamtetemeka. Lazima pawe na mahali pa kuvuta pumzi."

Miaka yote ile nilipiga nyota na sikuwahi kuwaza jambo zuri namna hiyo. Nilimchukia kwa kulisema yeye.

Alikuwa anachelewa kucheka. Umwambie mzaha Jumatatu, anakutazama kama umemwuliza swali. Jumanne saa nne, katikati ya chai, unasikia kaangua kicheko peke yake, kikombe kinamwagika. "Mama Salma! Kumbe!" Kabla hajaja, mtu wa mizaha stafu nilikuwa mimi. Sasa watu wakawa wanasubiri kicheko chake cha kesho kuliko mzaha wangu wa leo.

Hesabu alizijua zote, ila wauza nyanya walimwekea mbovu chini kila siku ya gulio na hakugeuza fungu hata mara moja. Msimu wake wa kwanza wa korosho akaokota mbichi, akaivunja kwa meno. Mtu mzima! Mafuta ya ganda yakamchoma, mdomo ukavimba, ngozi ikamtoka. Mtu mwingine angeomba ruhusa akajifungie ndani. Yeye alifundisha siku tatu na mdomo ule, wazi, na wanafunzi walipomkodolea macho alisema, "Nimejifunza. Haya, andikeni."

Alikuwa na msemo wake: "Kitu kikikurudia mara tatu, tafuta namna." Aliutumia kwa mtoro, kwa bomba linalovuja, kwa mahudhurio yaliyokuwa yanaandikwa upya kila Ijumaa. Wanafunzi wakaufanya salamu. Mmoja anasema, "Mara tatu!" mwingine anaitika, "Tafuta namna!" Niliusikia hadi sokoni.

Pole hakuijua. Mama yangu alipougua, huko Marambo, walimu wote walipita ofisini kunipa pole, kila mmoja na sura yake ya huzuni. Madam alisimama mlangoni na kofia mbili mkononi. "Twende," akasema. Alinipeleka kwa pikipiki, akanisubiri kutwa nzima, na kwa kuwa hajui kukaa bure akawasaidia shangazi zangu kupepeta ufuta, nusu ukamwagika nje ya ungo. Mama yangu Kiswahili chake ni cha kuokoteza sokoni. Madam naye lugha yetu ya Kimwera hakuijua hata salamu. Nilipotoka kuchota maji niliwaacha kimya, niliporudi nikawakuta wanacheka, wameshikana mikono, mama ambaye hakuwa amecheka wiki mbili. Nikamwonea wivu kwa mama yangu mzazi. Kweli nilimshukuru Madam njia nzima, na kweli nilitamani aanguke mahali, pasipo na madhara makubwa.

Lakini la Salma ndilo lililonimaliza. Alikuwa kidato cha tatu, na Jumamosi Madam alikuwa anawafundisha Python wanaotaka. Nyumbani kukawa hakuna neno lingine. Mama, Madam kasema hivi. Mama, Madam anafanya vile. Jioni moja akaniletea simu yangu, kwenye kioo kuna nyota juu, nyota chini, na katikati jina langu, MAMA SALMA, limekaa sawasawa.

"Nimekutengenezea kwa ile maktaba ya Madam," akasema. "Zuri?"

"Zuri," nikasema, nikaendelea kuchambua mchele. Baadaye niliingia chumbani nikalia, na hakikuwa kilio cha furaha. Mtoto wangu alikuwa amekua miaka yote hiyo mbele ya nyota zangu na hakuwahi kuniomba nimfundishe kuzipiga.

* * * * * * * * * * * * * * * * * * * *

Mtihani wa ujirani mwema wa mwaka wake wa nne ulipofika, Salma yuko kidato cha nne, Madam alileta faili kwenye flashi siku ya Ijumaa. Mawimbi na maua aliyaacha. "Nimeweka nyota, ishirini, kama zako," akaniambia. "Kwa heshima ya wa zamani." Alimaanisha alichosema. Mimi nilisikia kejeli. Nyota zangu, ila zimenyooka.

Nikatoa nakala za shule tano, roho imenuna. Ilipobaki shule moja nilifungua faili, nikaenda kwenye mstari ulio chini ya Sehemu A, nikafuta nafasi moja. Nisidanganye kwamba nilijali usalama wa mtihani. Nilitaka tu mtu fulani, mahali fulani, aone kwamba nyota za Madam nazo zinakosewa. Kidole kikaenda chenyewe kwenye alama ya zamani ya shule ile, nyota ya tisa na ya kumi. Nikachapa, nikafunga bahasha, nikarudisha faili lilivyokuwa.

Jumapili mchana picha za mtihani zikaanza kuzunguka kwenye simu. Salma ndiye aliyenionyesha. Niliikuza picha kwa vidole viwili, nikaikuza tena. Ya tisa na ya kumi zimeshikana. Karatasi ile ilitoka kwenye bahasha ya shule ile, baada ya kuondoka ofisini kwangu. Haikuweza kutoka kwa Madam, kwa sababu Madam hakuwa na karatasi ya namna hiyo. Duniani mtu aliyejua hivyo ni mimi.

Jumatatu kamati ya mitihani ikakaa. Faili lilikuwa kwenye laptop ya Madam, alikwenda nalo nyumbani Ijumaa, tena ni mgeni hapa, hana kwao. Basi, hesabu yao ikaishia hapo. Mimi nilikaa pembeni naandika muhtasari. Mkuu akamwuliza ana maelezo gani. Madam akaomba aione picha. Akaikuza, akaitazama muda mrefu mpaka Mwalimu wa Kilimo akakohoa. Kisha akainua macho, akanitazama mimi.

"Sina maelezo," akasema.

Nilidhani amekwama. Nikaandika: Madam alikosa maelezo. Kesho yake nikauchapa muhtasari ule, na kati ya ajenda na ajenda nikaweka nyota kwa mkono wangu, maana kazi ilikuwa imenirudia. Muhula haujaisha, akahamishiwa Ruangwa, shule moja ya upande wa Mbwemkuru. Alifunga mzigo wake nyuma ya pikipiki, na ulikuwa mdogo. Watu wakabaki wanamwita "yule mvujishaji".

Kwa nini sikusema? Mkataba wangu ulikuwa wa bodi ya shule, na katibu anayefungua faili la mtihani akachezea hafai kukaa hata siku moja. Salma alikuwa bado shuleni. Hizo ndizo sababu nilizojipa, na zilikuwa za kweli. Lakini chini yake palikuwa na nyingine. Asubuhi ofisi ilikuwa tulivu, hakuna wa kunipa shikamoo ya kelele, mizaha ilikuwa yangu tena, nami niliona raha. Raha ilidumu siku tatu. Baada ya hapo nilianza kusikia pikipiki mahali zisipopita.

* * * * * * * * * * * * * * * * * * * *

Mwaka huu, ufuta ulipokwisha kuvunwa, nilitumwa kupeleka bahasha za mtihani Ruangwa. Miaka miwili nilikuwa nakwepa safari hiyo, safari hii aliyekuwa aende aliumwa. Shule ya mwisho ilikuwa ya Madam. Dereva akashusha bahasha, akaniambia anakwenda mara moja Ruangwa mjini kuziba tairi la akiba, nimsubiri palepale. Nikabaki nimesimama uwanjani na mkoba wangu. Akatoka ofisini. Nywele alikuwa ameziacha kidogo na zilikuwa na mvi. Hereni bado hana.

"Shikamoo, Mama Salma."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaitika. Akaniwekea kiti barazani, akaleta chai na mihogo ya kuchemsha, akaniuliza habari za Salma na chuo chake cha kompyuta, kisha akajijibu mwenyewe, kwa sababu kumbe Salma humpigia simu kila wiki. Mwanangu! Kila wiki!

Akaingia ndani, akarudi na rundo la karatasi za zamani, zimekuwa rangi ya chai.

"Kuna jambo linanisumbua," akasema. "Nilipofika hapa nilikuta mitihani ya ujirani mwema kabatini. Ya miaka saba. Yote, nyota ya tano na ya sita zimeshikana. Mtu akikosea mara moja, ni mkono. Akikosea palepale miaka saba, huyo ana lake. Ilikuwa alama, siyo?"

"Ilikuwa alama."

"Kila shule na yake?"

"Kila shule na yake."

Akafunika uso kwa viganja viwili. "Nami nilisimama mbele ya watu wote nikasema umekosea. Wewe uliyekuwa unatulinda. Nisamehe sana, Mama Salma."

Msamaha huo nilikuwa nimeuota miaka. Nilikuwa nimeshajipangia hadi majibu, la ukali, la kebehi, la kujifanya sikumbuki. Umekuja, na sikuwa hata na pa kuutia.

Akafungua laptop. Juu ya maktaba ile ya mtu wa ng'ambo alikuwa ameandika ya kwake ndogo. Unaipa namba ya shule, inatoa nyota ishirini na kuzishikanisha mbili zinazotakiwa. Alama za shule tano alizikusanya kwenye karatasi kuukuu, shule kwa shule. "Ya kwenu tu sijaipata," akasema. "Nilijua ninapo pa kuuliza, ila nilisubiri uje."

"Ya kumi na moja na ya kumi na mbili."

Akaandika, akabonyeza.

* * * * * * * * * * ** * * * * * * * *

"Imekaa?"

"Imekaa," nikasema. Na sauti ikanitoka yenyewe. "Madam, ile picha..."

"Ya tisa na ya kumi," akasema, macho kwenye kioo. "Niliiona palepale kwenye kikao. Maktaba haikosei hivyo. Nikajua kuna mkono umeingia, na ofisini pale mkono mwingine ulikuwa wako tu."

"Ulidhani nimeuvujisha mimi?"

"Siku ile, ndiyo. Nilipokusanya karatasi hizi nikakuta ya tisa na ya kumi ni alama ya shule nyingine, ndipo nikajua hukuvujisha."

"Sasa kama ulidhani ni mimi, mbona ulinyamaza?"

Akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyeruka hatua. "Mimi wangenihamisha," akasema. "Wewe wangekufukuza. Na Salma alikuwa na mtihani wa taifa mwaka ule. Ni hesabu fupi, Mama Salma."

Pikipiki nilimwonea wivu. Mistari thelathini nilimwonea wivu, na kicheko cha mama, na simu za Salma. Lakini vyote vile vilikuwa vya kitoto mbele ya wivu ulionikaba barazani pale. Alinibebea kosa akiamini ni langu, tena zito kuliko lilivyokuwa, akafunga mzigo wake akaondoka, na hakusema hata kwa mtoto wangu anayempigia kila wiki. Dereva aliporudi nilipanda gari bila kuaga vizuri. Mpaka Nachingwea nilikuwa nimenuna, na nilikuwa nasema kichwani, hapana. La wema nalo asinishinde. Hili siliachi.

Basi asinisifu mtu kwamba dhamiri ilinipeleka kwa Mkuu Jumatatu iliyofuata. Wivu ndio ulionipeleka. Niliweka mezani picha ya karatasi iliyovuja, mitihani mitatu ya zamani, na barua niliyoichapa mwenyewe, yote nimeyaeleza, na nafasi ile niliyoifuta. Kamati ikakaa tena. Safari hii muhtasari aliandika mwingine. Nikaondolewa kwenye mitihani, nikapewa barua ya onyo, na mkataba wangu ukaamuliwa uishie Desemba. Barua ya kumsafisha Madam ikatumwa Ruangwa, na ya kwetu Mkuu akaisoma mstarini asubuhi, wanafunzi wote wamesimama. Nilisikiliza nikiwa dirishani kwangu. Kulikuwa na walimu walioinama, na safari hii mimi sikuinama.

Mchana nikampigia. Nilijua atakavyoanza, kwa hiyo sikumpa nafasi hata ya kuvuta pumzi.

"Shikamoo, Madam," nikasema.

Nilisikia kengele ya shule yao, watoto wakikimbia, yeye hasemi kitu. Nikakata simu, nimetahayari, najiambia mtu mzima ovyo.

Kesho yake, saa nne, nikiwa na kikombe cha chai mkononi, simu ikaita.

"Marahaba, Mama Salma," akasema, na kicheko chake kikafuata.